Magazeti na Mgombea Anayebishaniwa

Neno la kujifunza katika somo hili ni hili: je, wenye magazeti, redio na televisheni humtendea haki mgombea ambaye watu wabishana juu yake? Hatusemi juu ya yule apendwaye na wote, kwa maana huyo hana haja ya mtetezi. Twasema juu ya yule ambaye nusu ya watu humwita mkombozi, na nusu ya pili humwita mwizi au msaliti.

Wala jambo hili si la watu wa mjini tu. Msomaji akaaye Bungu, kando ya barabara ya Kilwa, humwona mgombea wa urais mara moja, akipita kwenda Kibiti na Rufiji. Pengine hamwoni kabisa. Karibu yote ayajuayo juu yake yamepita kwanza katika kinywa cha mtu mwingine. Akiambiwa bei ya korosho na mnunuzi peke yake, hasadiki mpaka amewauliza na wengine. Lakini akisikia redioni kwamba fulani ni mtu mbaya, mara nyingi husadiki kabla chai yake haijapoa.

Na tutwae mfano wa Edward Lowassa, kwa kuwa katika habari zake jambo hili laonekana wazi kuliko kwa mtu mwingine awaye yote katika nchi yetu. Yeye alifanywa Waziri Mkuu mwisho wa mwaka 2005. Mwaka 2006 ukafanywa mkataba wa umeme wa dharura na kampuni iitwayo Richmond, nayo ikashindwa kuutoa umeme kama ilivyoahidi. Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA aliyasoma mbele ya mkutano majina ya watu aliowashitaki kwa ufisadi, na jina la Lowassa lilikuwamo. Kisha Bunge likaunda kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na taarifa yake iliposomwa, Februari 2008, Lowassa akajiuzulu. Siku ile alinung'unika bungeni ya kuwa kamati haikumwita kumhoji. Kujiuzulu kwake wengi wakukumbuka. Nung'uniko lile, wachache.

Mwaka 2015 CCM haikumteua kuwa mgombea wake, na kabla mwezi Julai haujaisha alikwisha kuhamia CHADEMA, akasimamishwa agombee urais kwa umoja wa vyama ulioitwa UKAWA. Hapo neno Richmond likahama nyumba. Waliompigia kelele miaka minane wakasema, Mwenye ushahidi na aende mahakamani. Nao waliokaa naye chama kimoja tangu ujana wake wakaanza kukumbuka mambo waliyokuwa wameyasahau. Dk. Slaa mwenyewe hakukubali, akajitoa. Na magazeti je? Uhuru ni gazeti la CCM. Tanzania Daima lilikuwa na uhusiano na Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa CHADEMA wakati ule. Msomaji aliyeshika moja tu alimjua Lowassa mmoja; aliyeshika yote mawili aliwajua Lowassa wawili. Walakini mtu alikuwa yule yule, na mkataba ule ule, wala hapakuwa na mahakama iliyomhukumu kwa ajili yake. Akapata karibu asilimia 40 ya kura. Machi 2019 akarudi CCM, na ukali wa maneno ukahama tena. Alipofariki Februari 2024, walimlilia watu wa pande zote. (Alikuwa mshiriki wa KKKT, msomaji na atupime kama tumempendelea kwa sababu hiyo.)

Basi twaona ya kuwa si lazima gazeti liseme uongo ndipo limdhulumu mtu. Uongo hukamatwa. Aliye vigumu kumkamata ni yule asemaye kweli leo na kuinyamaza kesho, kwa kadiri ya bendera aliyoishika mwenye kusemwa.

Dhuluma ya pili ni ya kumnyima mtu sauti. Tundu Lissu alipigwa risasi nyingi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, akatibiwa Nairobi na Ubelgiji, akarudi nchini Julai 2020 ili agombee urais. Tarehe 28 Agosti 2020 chama chake kilifungua kampeni Mbagala Zakhem, kando ya barabara hii hii ishukayo mpaka Bungu. Wakuu wa CHADEMA waliona ya kuwa TBC imeyakatiza matangazo ya mkutano wao, nao wakawaamuru watumishi wa TBC waondoke. Shirika likalaani tendo hilo. Sisi twaonaje? Sheria ya Uchaguzi iliyotumika wakati ule iliwapa wagombea wa urais haki ya kutumia redio na televisheni ya serikali, tena iliyaagiza magazeti ya serikali yasibague mgombea yeyote. Kwa hiyo ikiwa matangazo yalikatwa makusudi, lilikuwa kosa kubwa. Lakini kumfukuza mwenye kipaza sauti ni kuliziba sikio la mtu wa mbali, naye hakuwa na hatia yo yote. Katika uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 swali lenyewe lilipungua, maana CHADEMA haikuwa na mgombea, Lissu alikuwa kizuizini kwa shitaka la uhaini, na siku ya kura intaneti ilizimwa.

Tena yatupasa kuangalia ni nani asahihishiwaye upesi. Agosti 2021 Uhuru liliandika ya kuwa Rais Samia Suluhu Hassan hana wazo la kugombea mwaka 2025. Chama kilisema sivyo alivyonena. Wakuu wa gazeti wakasimamishwa kazi, na serikali ikalifungia siku 14. Mgombea wa upinzani akigeuziwa maneno yake, ni nani atakayemfanyia hivyo upesi?

Walakini tusiwalaumu waandishi kana kwamba wote wana nia mbaya. Wengine huogopa, nao wana sababu. MwanaHALISI na Mawio yalifungiwa mwaka 2017. Tanzania Daima lilinyang'anywa leseni Juni 2020, miezi minne kabla ya kura. Leseni zao zilirudishwa Februari 2022. Na hapa kwetu, Azory Gwanda, aliyeliandikia gazeti la Mwananchi habari za mauaji ya Kibiti na Rufiji, alitoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017, wala hajaonekana tena. Mwandishi akaaye karibu akikosekana, habari za mahali huandikwa na mtu aliye mbali, na mgombea wa mahali hupimwa na asiyemjua.

Ninyi walimu mfundishao amri ya nane, jaribuni somo hili kwa vitendo. Leteni magazeti mawili ya siku moja, moja la chama au la serikali, na moja la watu binafsi, mkasome habari za mgombea mmoja. Hesabuni mistari ya maneno yake mwenyewe, na mistari ya maneno yaliyosemwa na wengine juu yake. Jina baya aliloitwa, ulizeni limetoka kwa nani: kwa hakimu, kwa mshindani wake, au kwa mwandishi? Mkiisha, futeni jina lake, tieni jina la mgombea mmpendaye ninyi, mkaisome habari ile ile tena kwa sauti, tangu kichwa chake hata mstari wa mwisho.