Mahari hulipwa kwa awamu

Dada yangu wa Mugumu,

Pole sana. Nimeisoma barua yako yote, pamoja na ule ukurasa wa mwisho ulioandika usiku wa manane huku ukisikiliza mumeo anavyopumua. Unasema alishikwa na maumivu ya kifua akitoka zizini, jasho likamtiririka na asubuhi ilikuwa ya baridi, mkampakia mshikaki kwenye bodaboda, yeye katikati na shemeji yako akimshikilia kwa nyuma, hadi hospitalini. Daktari akakuuliza mgonjwa anatumia dawa gani. Ukajibu hatumii yoyote. Hapo shemeji akainamisha kichwa na kusema kaka aligundulika ana presha tangu mwaka juzi, akapewa vidonge, akaviacha. Wewe mkewe ulikuwa hujui.

Sasa ameruhusiwa. Kipimo cha ECG hakikuonyesha tatizo, amepewa dawa na barua ya rufaa ya kwenda Musoma, naye hataki kwenda. Anasema ilikuwa gesi, na ng'ombe waliopo ni wa mahari ya kijana. Unaniuliza kama una haki ya kukasirika, na kama umwache tu kwa kuwa ni mtu mzima mwenye akili zake.

La pili nalijibu kwanza, kwa kuwa halisubiri. Usimwache. ECG inasoma umeme wa moyo kwa dakika ile mtu anapopimwa. Mishipa inayolisha moyo inaweza kuwa imeziba kiasi, na karatasi bado ikatoka safi, hasa maumivu yakiwa yameshatulia. Ndiyo maana madaktari hukirudia kipimo, huchukua damu kuona kama misuli ya moyo imeumia, na wakiona haja huagiza kipimo cha eko kinachoonyesha moyo unavyodunda. Inawezekana mumeo yuko sahihi, maana gesi na vidonda vya tumbo navyo huchoma kifua. Lakini hilo halijulikani kwa kukaa nyumbani.

Linalonitia hofu zaidi ni vile vidonge alivyoviacha. Presha haiumi. Mtu hulima, huchunga, hubeba magunia, na huku mishipa yake inaharibika kimyakimya. Akipewa dawa akajisikia vizuri, anadhani amepona, kumbe ni dawa iliyokuwa ikimshikilia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kuwa wanayo. Mumeo alijua. Hiyo ni nafasi ambayo wengi hawakuipata, na bado hajaipoteza.

Sasa hasira yako. Unayo haki, na sitakuambia uimeze. Mke kuyasikia ya mumewe kwenye benchi la hospitali, kutoka kwa shemeji, ni jambo la kuuma. Ila nakuomba ufikirie alikotoka. Umeandika kuwa ninyi ni Wakurya, na unajua kuliko mimi kwamba mvulana wenu husimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho, ukoo mzima ukimtazama. Mtu aliyepongezwa kwa kuficha maumivu akiwa kijana, nani alimfundisha baadaye kuyasema? Nadhani alificha kwa sababu aliogopa macho yako yabadilike. Mwambie umeumia, na umwambie siku mkiwa wawili, mmetulia, mkiwa mmesharudi kutoka Musoma. Leo maneno hayo yatampa sababu nyingine ya kutokwenda.

Anayeweza kumsogeza ni huyohuyo shemeji. Alimwamini kwa siri, basi atamsikiliza kwa ushauri. Zungumza naye kwa heshima, bila kumlaumu kwa kukaa kimya, umwombe aandamane nanyi. Mama mkwe anayesema mwanawe amerogwa usibishane naye. Mwombe awabariki kwa safari.

Kama mumeo anaona aibu kuitwa mgonjwa wa moyo, shemeji amkumbushe hili. Machi 2021, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alipotangaza kifo cha Rais John Magufuli, alisema marehemu alikuwa na tatizo la umeme wa moyo kwa zaidi ya miaka 10. Miaka hiyo yote alikuwa kazini, waziri kisha Rais. Maradhi hayo yanatofautiana na hayo ya presha na mishipa, na mwisho wake tunaujua, lakini hakuna aliyewahi kumwita mtu yule dhaifu.

Kuhusu ng'ombe, msimamo wangu ni mmoja: auzwe kulipia matibabu. Mahari hulipwa kwa awamu, na wakwe wa kijana ni watu wa kuzungumza nao. Baba wa bwana harusi hana mbadala.

Usiku huu na siku zinazofuata, lala. Kuhesabu pumzi zake hakumtibu, na wewe utaugua. Weka namba ya dereva wa bodaboda au ya jirani mwenye gari karibu, kisha ujue dalili za kukimbilia hospitalini bila kusubiri kuche: kifua kubana au kulemewa kama kuna jiwe juu yake, maumivu yanayopanda kwenye taya au kushuka mkono, jasho la baridi, kukosa pumzi, kuzimia. Asiendeshe pikipiki mwenyewe. Habari ya aspirini uiulize Musoma kabla ya kumpa, kwa sababu kama ana vidonda vya tumbo inaweza kumtoa damu. Chumvi ya mezani iondoe, na sigara, kama anavuta, aiache.

Musoma wanaweza kumaliza kila kitu palepale kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Wakiona inahitajika zaidi watamwandikia Bugando, Mwanza, na juu ya hapo ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Wengi huishia hatua ya kwanza na kurudi na dawa za kumeza kila siku.

Nendeni wiki hii. Bebeni barua ya rufaa, ile karatasi ya ECG, kadi ya bima kama mnayo, na vidonge vyote, hata vile vya zamani alivyoviacha. Na daktari akiuliza tena anatumia dawa gani, jibu wewe.