Jumanne: Kusikia Siyo Kuelewa

Soma Nehemia 8:1–8 na Matendo 8:26–35. Walawi na Filipo walifanya nini zaidi ya kusoma, na kwa nini kusoma peke yake hakukutosha?

Mbele ya Lango la Maji watu walimsikiliza Ezra tangu asubuhi mapema hadi adhuhuri. Lakini Walawi hawakuridhika kwamba sauti ilikuwa imewafikia, waliwaeleza maana. Naye towashi wa Kushi hakuwa mjinga. Alijua kusoma na alitunza hazina ya malkia, ila alihitaji mtu wa kumfafanulia, wala hakuona haya kusema hivyo.

Katika chumba cha daktari, haya ni wengi wanayo. Mama anaambiwa presha yake ni 160 kwa 100, anapewa vidonge vya kumeza kimoja kila siku. Anaitikia, "Ndiyo, daktari," anatoka. Nyumbani anameza siku kichwa kinapouma. Akijisikia vizuri anaacha, maana kwa lugha ya mtaani presha ni pia wasiwasi, hasira, madeni, ugomvi wa nyumbani. Ugomvi ukiisha, presha nayo si imeshuka? Kumbe shinikizo la juu la damu mara nyingi halina dalili yoyote. Linaharibu moyo, figo na mishipa ya ubongo kimyakimya kwa miaka, hadi siku ya kiharusi. Na mara nyingi dawa ikiachwa, shinikizo hupanda tena. Ndivyo ilivyo hata kwa mwamini aliyeombewa akaamka na nguvu: kabla ya kuacha vidonge, apimwe na azungumze na daktari wake.

Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwahoji wagonjwa wa shinikizo la damu wapatao 400 waliotibiwa katika hospitali mbili za umma. Miongoni mwa walioelewa vizuri maandishi ya afya, asilimia 92 walijua kwamba 160 kwa 100 ni kipimo cha juu. Kwa wenye uelewa mdogo kabisa, ilikuwa asilimia 55. Hawa wote walikuwa wagonjwa tayari! Utafiti mwingine wa huko, wa mwaka 1996, ulionyesha kwamba wengi wasioweza kusoma vizuri walikuwa hawajamwambia hata mwenzi wao wa ndoa. Mtu wa namna hiyo akiulizwa "Umeelewa?" atajibu ndiyo.

Kwa hiyo wahudumu wengi wa afya sasa hufundishwa kuuliza kwa njia nyingine: "Mama, nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, vidonge hivi utavitumiaje?" Akikosea, anayerudia somo ni mhudumu. Mgonjwa naye anaweza kuanza mwenyewe: "Daktari, ngoja nirudie ulivyosema, unisahihishe."

Makanisa yanapoleta mashine ya kupimia presha wakati wa juma la afya, mara nyingi washiriki hurudi nyumbani na karatasi yenye namba mbili tu. Hilo ni kusoma bila kufafanua.

Je, kanisani kwenu ni nani aliyepimwa lakini hajui maana ya namba zake? Nani atakayeketi naye Sabato hii alasiri, na atamwulizaje bila kumtia aibu?