Somo la Leo: Kula Matembezini Bila Majuto, Kuanzia Sufuria Hadi PIN

Ukilelewa Subukia kama mimi, unajua matembezi ya familia yana njia mbili. Ukitaka baridi na maporomoko ya maji, unapanda Nyahururu kuona Thomson's Falls, maji yanayoanguka mita 74. Ukitaka nyati, vifaru na ndege, unateremka Nakuru hadi mbuga ya Ziwa Nakuru. Na hata usipotoka nyumbani, Oktoba ikianza wageni wanatujia wenyewe, maana mahujaji kutoka kila kona ya Kenya huja kusali kwenye kituo cha hija cha Bikira Maria hapa kwetu.

Popote utakapoenda, saa saba mchana ikigonga swali ni lile lile: tutakula nini, na tutalipaje?

Ukimaliza somo hili utaweza kufanya mambo matatu: kupanga pesa ya chakula kabla ya safari, kuoda chakula kinachomfaa kila mtu mezani (hata yule asiyekula nyama, maziwa wala mayai), na kulipa kwa simu bila kupoteza hata shilingi. Lakini kwanza nikuambie kwa nini nimeamua kuliandika.

Kilichonipata mimi

Desemba moja tulitoka watu wanane: mama, shangazi, binamu zangu na watoto wawili. Kila mmoja alichangiwa Sh800, na pesa yote, Sh6,400, ikawekwa kwenye simu yangu. Mimi ndiye niliyesomea biashara, kwa hivyo nikaaminiwa.

Tulienda sehemu moja ya burudani ambayo jina lake nitaliacha. Wakati wa kula, wengi waliagiza kuku na chipsi. Shangazi yangu hali kitu chochote kinachotoka kwa mnyama. Siku hizi watu kama yeye wanaitwa vigani, ila yeye husema tu, "Mimi nakula cha shamba." Hakuna aliyeuliza mapema kama kuna chakula chake. Akala chapati mbili na soda. Vyote vilikuwa Sh110, lakini tuligawanya bili sawasawa, kila mtu Sh300. Hakulalamika. Alisema tu, "Haidhuru, mwanangu, nitakula nyumbani."

Halafu ikaja bili ya Sh2,400. Mhudumu akasema Till imekwama, nitume kwa namba yake. Akaitaja haraka, watoto wanapiga kelele, nikaandika. Jina likatokea kwenye simu. Sikulisoma. Nikaweka PIN.

Nilikuwa nimekosea tarakimu moja. Pesa ilienda kwa mtu nisiyemjua, na kufikia wakati nilipopiga simu kuomba irudishwe, alikuwa ameshaitoa. Nilichukua mkopo wa simu kulipa bili mara ya pili. Safari ya kurudi Subukia, gari lote lilikuwa kimya.

Makosa yalikuwa mawili, lakini chanzo ni kimoja: hatukuuliza. Hatukuuliza sufuria ina nini, na sikuangalia namba ni ya nani.

Hatua ya 1: Panga kabla ya kutoka

Gawa pesa ya safari mapema. Tuchukue mfano wa zile Sh6,400 za watu wanane:

- Usafiri: Sh2,400
- Kiingilio: Sh1,000
- Chakula na vinywaji: Sh2,400
- Akiba ya dharura: Sh600

Chakula kikiwa Sh2,400, kila mtu ana Sh300. Sasa unaweza kusoma menyu ukijua mpaka wako uko wapi. Akiba usiiguse kwa sababu mtoto ameona aiskrimu.

Kisha piga simu unakoenda na uulize mambo manne: Je, mnaruhusu chakula cha kutoka nje? Mna chakula kisicho na nyama, maziwa wala mayai? Bei za menyu ni za mwisho, au kuna ada ya huduma juu yake? Mnapokea malipo kwa Till au kwa Paybill?

Kama mnaenda mbuga ya Ziwa Nakuru, jueni mambo mawili zaidi. Kiingilio hulipwa mtandaoni kupitia eCitizen, kwa hivyo malizeni malipo mkiwa nyumbani ambapo mtandao ni mzuri. Pili, tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga za Kenya, zikiwemo chupa za maji za dukani. Beba maji kwenye chupa ya kudumu. Ndani kuna sehemu za kupumzikia ambapo unaweza kula chakula ulichobeba kutoka nyumbani kwenye vyombo vyako. Lakini kaa macho: nyani wa huko hawaombi, wananyakua.

Hatua ya 2: Uliza sufuria ina nini

Habari njema ni kwamba chakula chetu cha kawaida kinamfaa sana mtu kama shangazi. Githeri, ndengu, maharagwe, njahi, ugali, sukuma wiki, kabeji, viazi, parachichi: vyote vimetoka shambani. Shida ni vile vinavyoongezwa jikoni bila kuandikwa kwenye menyu. Hivi ndivyo vya kuulizia:

- Mukimo. Wapishi wengine huponda na maziwa au siagi ili ulainike.
- Managu. Huku Bonde la Ufa, mara nyingi hupikwa na maziwa au malai.
- Githeri na ndengu. Uliza kama zimetiwa supu ya mifupa, vipande vya nyama, au viungo vya pakiti vyenye ladha ya nyama.
- Chapati na mandazi. Chapati nyingi ni unga, maji na mafuta, lakini kuna wanaokandia maziwa. Mandazi mara nyingi huwa na maziwa au mayai.
- Chipsi. Zenyewe ni viazi tu. Uliza kama zimekaangwa kwenye mafuta yaliyokaangiwa kuku na soseji.

Usiseme tu "sili nyama." Ukisema hivyo unaweza kuletewa mayai au samaki, na mpishi hatakuwa amekosea. Sema wazi: "Sili nyama, kuku, samaki, mayai, maziwa wala siagi. Mnaweza kunipikia nini?" Mara nyingi jikoni kuna ndengu na sukuma zinazoweza kukaangwa upya kwa mafuta ya kupikia dakika kumi tu.

Swali hili si la madaha. Kuna anayefunga kwa sababu ya imani yake, kuna ambaye maziwa yanamwumiza tumbo, na kuna aliyeamua mwenyewe. Wote wamelipa mchango sawa na wengine, na wanastahili sahani kamili.

Hatua ya 3: Vinywaji vina bei yake

Familia nyingi hupanga bei ya chakula na kusahau vinywaji. Soda moja moja kwa watu wanane, kisha maji, kisha chai kwa sababu Nyahururu kuna baridi, mwishowe vinywaji vinakaribia bei ya chakula. Amueni mapema: kinywaji kimoja kila mtu, na maji mnabeba mkiruhusiwa.

Kwa asiyetumia maziwa, kumbuka kwamba ukiagiza "chai" Kenya utaletewa iliyochemshwa na maziwa. Omba chai ya rangi, ile tunayoita turungi. Juisi ya matunda ni sawa, ila uliza kama wanasaga na maziwa au maziwa ya mtindi.

Hatua ya 4: Lipa kwa njia inayokulinda

Chakula kimeisha, bili imeletwa. Usichukue simu bado. Fuata utaratibu huu:

1. Soma bili. Hesabu sahani na vinywaji. Hakikisha hamjaandikiwa kitu ambacho hamkuagiza.
2. Tafuta namba iliyoandikwa. Till au Paybill ya biashara huwa imebandikwa ukutani, kwenye kaunta au kwenye bili yenyewe. Isome mwenyewe, usingoje kutajiwa.
3. Lipa biashara, usimlipe mtu. Ukilipa kwa Till, kwa kawaida mteja hatozwi ada. Ukituma kwa namba ya simu ya mtu, unaweza kutozwa ada ya kutuma, na huna ushahidi kwamba ulilipa mkahawa.
4. Soma jina kabla ya PIN. Hapa ndipo mimi nilianguka. Jina likitokea, lisome kwa sauti: "Ni hili?" Mhudumu akisema ndiyo, endelea. Kama silo, futa uanze upya. Hizo sekunde tano zingeniokolea Sh2,400.
5. Subiri ujumbe, ulinganishe, uombe risiti. Usiondoke mpaka mkahawa umethibitisha kwamba umepokea.

Ukisikia "Till imekwama," una njia nyingine. Omba Paybill, omba msimamizi, au lipa taslimu kutoka kwa ile akiba ya dharura. Kama bando limeisha, huhitaji intaneti kulipa. Kwa mfano, mteja wa M-Pesa anaweza kupiga *334# na kulipa kwa simu yoyote, hata kabambe.

Kwa vibanda vidogo, mama wa mahindi choma anaweza kukuomba utume kwenye namba yake ya simu kwa sababu hiyo ndiyo aliyo nayo. Hakuna ubaya. Kanuni ni ile ile: soma jina, muulize, ndipo uweke PIN.

Kuhusu kugawana bili: kila mtu alipie alichokula. Kama hamtaki hesabu nyingi, basi hakikisheni kwamba kila mtu amepata chakula cha thamani sawa. Kugawanya sawasawa ni haki tu pale sahani zinapokaribiana.

Hatua ya 5: Ukikosea, usichelewe

Ukituma pesa kwa namba isiyo yako, kila dakika ina maana. Kwa M-Pesa, tuma ujumbe wote wa muamala kwa namba 456 kuomba urudishiwe. Kwa mtandao mwingine, piga namba rasmi ya huduma kwa wateja. Usitumie namba ya "huduma kwa wateja" uliyopewa na mtu pale mezani, na usimpe mtu yeyote PIN yako hata akisema anakusaidia.

Kuna na upande wa pili. Ukipata SMS kwamba umetumiwa pesa, kisha mtu akupigie analia kwamba alikosea, usimtumie chochote. Angalia salio lako kwanza. Kama pesa kweli imeingia, mwambie aombe irudishwe kupitia kampuni ya simu. Wezi wa SMS bandia wanapenda siku za sherehe, wakati umeshika sahani mkono mmoja na simu mwingine.

Jipime

1. Mnaenda watu sita na bajeti ya chakula ni Sh1,800. Kila mtu ana shilingi ngapi? (Jibu: Sh300.)
2. Rafiki yako hali maziwa wala nyama, na menyu ina mukimo, managu na ndengu. Ni chakula gani unachopaswa kuulizia kabla ya kuagiza? (Jibu: vyote vitatu.)
3. Umeweka namba ya Till na jina lililotokea si la mkahawa. Unafanya nini? (Jibu: unafuta, unasoma namba upya, huweki PIN.)

La kukumbuka

Mwaka uliofuata tulitoka tena, watu wale wale. Nilipiga simu siku mbili kabla. Shangazi aliletewa ndengu, wali, sukuma na parachichi, sahani imejaa. Bili ilipokuja nikasoma jina kwa sauti, na mama akaitikia kutoka upande wa pili wa meza: "Ndilo!" Sasa imekuwa desturi yetu, halipi mtu bila mwingine kuitikia.

Wikendi hii ukitoka na wako, fanya hivyo hivyo. Uliza kabla ya kuonja, soma kabla ya PIN. Safari njema na mlo mwema!