Kijana na Kazi ya Ujira

Wazee, wa pwani na wa bara, hata huko Ndabibi karibu na mashamba ya maua ya Naivasha, huwalaumu vijana kwamba kazi hawaiwezi: saa ikifika, huondoka. Basi na tuitazame Suratul Qasas. Nabii Musa alisifiwa kwa mawili, nguvu na uaminifu. Na mzee aliyemwajiri alimbainishia muda kwanza: miaka 8 ni sharti, kutimiza 10 ni hiari yake, wala hakutaka kumtaabisha. Kwa hiyo twasema: kijana aibaye saa za kazi amevunja amana, na mzee aifanyaye hiari kuwa wajibu amevunja mapatano. Kila mmoja na aanze kuihesabu nafsi yake.