Dondoo muhimu: Kununua betri ya tochi ya kuchaji

Mlinzi wa usiku na mwanariadha anayekimbia alfajiri hutegemea tochi. Kabla ya kulipia betri ya lithiamu dukani Eldoret, kagua haya.

1. Soma saizi kwenye betri ya zamani: kwa mfano, 18650 ina upana wa milimita 18 na urefu wa 65.
2. Usinunue 18650 iliyoandikwa uwezo wa 9,900 mAh. Huo ni uongo mtupu. Nyingi zilizo nzuri zina kati ya 2,500 na 3,500.
3. Omba ipimwe kwenye mizani: halisi hukaribia gramu 45. Nyepesi mno huenda ina kibetri kidogo ndani, na nafasi iliyobaki imejazwa unga au mchanga.
4. Kataa iliyochanika plastiki ya nje, hata kwa bei ya kutupa.
5. Chagua yenye saketi ya kinga, lakini pima tochi kwanza: betri hizo huwa ndefu kidogo.
6. Tochi ya betri mbili? Nunua zote pamoja, za aina moja. Usichanganye mpya na kuukuu.
7. Tumia chaja ya lithiamu inayokata umeme kwenye volti 4.2, na usichaji juu ya godoro wala ukiwa umelala.
8. Usibebe betri mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Zikigusa ncha zote mbili, inaweza kuwaka moto.
9. Ikivimba, acha kuitumia mara moja, na usiitupe motoni.