Rafiki Ameandaa Kitanda, Mume Ataka Hoteli

Shangazi,

Mimi na mume wangu ni wakazi wa Kitale na Desemba tutatimiza miaka ishirini ya ndoa. Tumeweka akiba tusafiri sisi wawili tu, watoto wabaki kwa nyanya yao. Tutapitia Kampala na Gulu, kisha tuingie Juba, kwa kuwa huko yuko rafiki yangu wa tangu shule ya upili. Bwenini yeye alilala kitanda cha juu, mimi cha chini. Familia yake ilikuwa imekimbilia Kenya wakati wa vita, naye akarudi kwao baada ya uhuru wa Sudan Kusini wa 2011. Sasa ni mwalimu wa shule ya serikali na anaishi mtaa wa Sherikat, ng'ambo ya mto Nile, pamoja na mumewe, watoto na mashemeji.

Nilipomwambia tunakuja, alilia kwa furaha. Ameshahamisha watoto chumbani na kununua godoro jipya. Lakini mume wangu anasema tutakula huko chakula cha mchana tu, halafu tuvuke mto tukalale hotelini. Anasema mwalimu asiyeona mshahara kwa miezi hana cha kulishia wageni, na kwamba hii ni safari yetu, si ya rafiki yangu. Mimi naogopa rafiki yangu ataona nimeidharau nyumba yake. Tena wapo wawili wengine tuliosoma nao, mmoja mtaa wa Munuki na mwingine wa Gudele, nao kila mmoja ataka tulale kwake. Nishauri.

Mama Wawili, Kitale

*

Mwanangu,

Laleni Sherikat. Siku mbili, kisha vukeni mto mkakae hotelini nyinyi wawili. Nimetanguliza jibu kwa sababu hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni namna mtakavyolala huko bila kumwacha rafiki yako na deni, na hapo mume wako ameona jambo la kweli ambalo hupaswi kulipuuza.

Watumishi wa serikali Sudan Kusini, walimu wakiwemo, wamekaa miezi na miezi bila mshahara. Hali ilizidi kuwa mbaya Februari 2024, bomba kubwa linalopitisha mafuta ya nchi hiyo hadi Port Sudan lilipopasuka katikati ya vita vya Sudan, na serikali inayoishi kwa mafuta ikabaki mikono mitupu. Pauni yao nayo imeporomoka, kwa hiyo hata mshahara ukitoka haufiki mbali. Sehemu kubwa ya vyakula vya Juba huja kwa lori kutoka Uganda kupitia mpaka wa Nimule, na kila gharama ya njiani huishia kwenye bei ya dukani. Maji, nyumba nyingi hununua ya boza. Ndoo atakayooga mgeni imelipiwa.

Mume wako alipokosea ni kudhani kwamba hoteli itampunguzia mama yule mzigo. Godoro limeshanunuliwa. Na mkienda kwa mlo mmoja tu, atachinja, pengine achinje kikubwa kuliko alivyokusudia, maana heshima yote ya nyumba itategemea sinia moja la mchana. Mgeni wa mlo mmoja ni ghali. Mgeni wa siku mbili huandaliwa siku ya kwanza, kesho yake akanywa chai na kula maharage ya ful kwa mkate pamoja na watoto, jioni akaingia jikoni kukata bamia. Huyo amekuwa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hakopewi mbuzi.

Ninalokusihi sana ni hili: toeni mapema. Wengi wetu tuna desturi ya kushika bahasha hadi siku ya kuaga, tukaibana mkononi mwa mwenyeji langoni, gari likiwa linanguruma. Wakati huo mwenyeji ameshakopa dukani kwa ajili yetu, ameshamwomba jirani sukari, na ile bahasha inakwenda moja kwa moja kulipa aibu aliyoibeba siku zote mlizokuwa mkicheka naye. Mpe jioni ya kwanza, kabla hajamtuma mtoto dukani. Mfuate jikoni ukiwa peke yako, mumewe na mashemeji wasione. Mwambie hiki ni cha mboga za siku hizi mbili. Atakataa. Atakurudishia mkononi na kukuuliza kama umemwona ana njaa. Usibishane naye na usimweleze habari za mshahara wake; iweke chini ya kopo la sukari, vuta kigoda, endelea kumenya vitunguu na umuulize habari za mama yake.

Kesho yake asubuhi fuatana naye sokoni. Wachuuzi wa Uganda na Kenya ni wengi Juba, kwa hiyo Kiswahili hakitakupotea. Yeye achague, wewe ulipe mafuta, unga na sabuni pale pale bila kutangaza. Na kama wana tangi, lipia boza walijaze siku hiyo hiyo ya kwanza, ili hata mume wako aoge bila dhamira kumsuta. Dola mtakazobeba ziwe noti mpya na safi, kwa sababu noti kuukuu au zilizochanika huwa zinakataliwa. Kutoka nyumbani mchukulie majani ya chai ya Kericho, leso pea moja, na picha za shuleni ikiwa bado unazo. Hivyo ni vyake mwenyewe, visichanganywe na vya jikoni.

Sasa turudi kwa mume wako. Anaposema hii ni safari yetu, msikilize vizuri, kwa sababu nadhani hajamaliza kusema. Nyinyi mashoga wawili mtakesha mkitaja walimu na wanafunzi asiowajua, mkicheka vicheko asivyojua chanzo chake. Yeye atakuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki na wanaume wanaozungumza Kiarabu cha Juba, akingoja usingizi umwokoe. Hata mimi ningetaka hoteli. Dawa yake si kumwambia avumilie. Kabla ya safari, mpe simu azungumze na mume wa rafiki yako, baba kwa baba, na si mara moja. Waulizane kazi, watoto, mpira. Wakazi wengi wa Juba waliishi Kakuma, Nakuru, Eldoret au kwenye makazi ya wakimbizi Uganda, na huenda huyo bwana akakijua Kiswahili kuliko mnavyotarajia. Akishuka kwenye basi awe anapokewa na mwenyeji wake yeye, si na mume wa rafiki yako.

Huyo mwenyeji amtembeze. Wakaone Daraja la Uhuru, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa Mei 2022, baada ya ujenzi kukatizwa na vita vya 2013 na tena vya 2016. Wanaume wawili wakisimama kando ya Nile mbele ya daraja kama lile hawatakosa la kuzungumza. Ila simu ibaki mfukoni: kupiga picha Juba kunahitaji kibali, na ukielekeza kamera kwenye daraja, majengo ya serikali au askari unaweza kunyang'anywa simu, au yakufike makubwa zaidi.

Na mume wako mwahidi jambo moja. Jioni ya kwanza ni yako na rafiki yako, asikuone umemsahau. Usiku wa tatu hotelini ni wenu, na siku hiyo humwiti mgeni wala hupokei simu ya mtu wa bwenini. Ukivunja ahadi hiyo, baba watoto atakuwa na haki ya kununa hadi Kitale.

Rafiki yako usimfiche habari za hoteli ukangoja kumwambia mkiwa mmeshafika. Mwambie leo kwamba mtalala kwake siku mbili, na ya tatu mtavuka kwa sababu mnaadhimisha ndoa yenu. Mwanamke aliyeolewa hawezi kulichukia neno hilo. Wale wa Munuki na Gudele wasikukae moyoni kama deni, hamtalala kwao. Mwulize mwenye nyumba kama wanaweza kuja Sherikat siku ya pili, kila mmoja na chochote cha kutia chunguni. Akisita, usimsukume, kwa kuwa nyumba ni yake na sufuria ni zake. Badala yake waandalie chakula cha mchana mjini siku ya mwisho, mlipe nyinyi.

Kuhusu njia, mume wako akiogopa, asichekwe. Barabara ya Nimule hadi Juba ni lami, kilomita 192, lakini wasafiri wamewahi kushambuliwa humo na watu wenye silaha. Pitieni mchana. Na tangu Machi 2025, aliyekuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, Riek Machar, alipowekwa chini ya kizuizi nyumbani kwake, mambo yanaweza kubadilika kwa wiki moja. Wenyeji wenu ndio wanaojua mtaa wao umelalaje. Wakisema subirini, subirini, hata kama tiketi imekatwa. Chanjo ya homa ya manjano mtaulizwa kadi yake. Kama mnahitaji viza, ulizieni ubalozini mapema.

Sherikat iko ng'ambo ya mashariki ya mto, kwa hiyo mkitokea Nimule mnaifikia kabla ya daraja. Mwambieni kondakta awashushe huko, msipelekwe mjini halafu mrudi na mizigo. Na unapomtajia rafiki yako saa ya kufika, kumbuka kwamba tangu Februari 2021 saa ya Juba iko nyuma ya ya Nairobi kwa saa moja, asije akasimama kituoni juani akiwangoja bure.

Mpigie rafiki yako leo jioni, mume wako akiwa kando yako. Mtajie tarehe, mtajie siku mbili, umwambie mumeo hula nini na hali nini ili asitafute vitu vya bei. Ukimaliza usikate simu. Mwambie amwite mumewe, nawe umpe wako.