Mchonga Vinyago Anapozeeka

Huko Wamunyu, katika nchi ya Ukambani upande wa Machakos, mlio wa tezo husikika chini ya miti tangu asubuhi. Kazi hiyo si ya kale sana mahali hapo. Ililetwa na Mutisya Munge, aliyejifunza kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya 1914-1918. Aliporudi kwao akaendelea kuchonga, na wengine wakamfuata. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba waliohamia Mombasa wakaanzisha chama cha ushirika, na vinyago vyao vikafika Ulaya na Marekani.

Habari hiyo yajulikana na wengi. Jambo lisilofikiriwa ni uzee. Karani astaafupo hupata pensheni, bali mchongaji ajitegemeaye hana tajiri wa kumlipa akiwa amekaa. Macho yakififia, hawezi tena kutoa vizuri sikio la swala. Mkono ukitetemeka, tezo kali ni hatari. Ndiyo sababu mzee huiacha kazi hatua kwa hatua. Kwanza huwaachia vijana tezo, akabaki na kisu. Halafu hushika msasa. Lakini hata msasa una madhara, kwa kuwa vumbi la mbao ngumu huumiza kifua. Yafaa kusugua nje penye upepo, na kufunga kitambaa puani.

Shida nyingine ni mti wenyewe. Mpingo na muhugu, miti iliyowapa wachongaji sifa, hukua polepole mno. Mpingo huhitaji miaka 70 au zaidi, basi aupandaye leo hatauchonga yeye. Iliyokatwa bila kupandwa imewalazimu wanunuzi wa magogo kwenda mbali, na bei imepanda. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1990 wachongaji wengi wamegeukia mwarobaini, ambao waweza kufaa kabla ya miaka 20, na ukikatwa shina huchipua tena.

Hapo ndipo mchongaji wa miaka 40 apate faida. Akipanda miche mpakani mwa shamba sasa, atakapokuwa na miaka 60 atakuwa na magogo ya kuwauzia vijana, ijapokuwa yeye mwenyewe hawezi kuchonga. Pia aweza kupanda mukau, mti wa asili wa nchi kavu, wenye mbao nzuri za samani. Mbuzi hupenda sana majani yake, basi mche mchanga uzungushiwe miiba. Mbegu yake imo ndani ya kokwa gumu, na kokwa lisipopasuliwa kwa uangalifu mbegu yaweza kukaa muda mrefu bila kuota.

Mbegu za mwarobaini zina tabia nyingine: hazikai. Tunda likiisha kuiva na kuwa la manjano, limenywe, mbegu ioshwe na kuanikwa kivulini, kisha ipandwe upesi, maana baada ya majuma machache nyingi huwa zimekufa.